Jino la Mtu wa Kisimani

Jumatano, 8 Januari
Mvua imeanza na choo cha hospitali kimefurika tayari. Nimerudi nyumbani nimelowa chapachapa. Naandika Kiswahili kwa sababu Kireno nakiandika kutwa nzima maabara, na mtu akitoka kazini haji kulala na kazi.

Jumatatu, 13 Januari
Leo vijana walikuwa wanasafisha kile kisima kikuukuu cha mwisho wa mtaa, ambacho tangu tuliporudi kutoka ukimbizini hakuna aliyekigusa. Wametoa taya la chini la mtu, meno yake mengi bado yamo, pamoja na mfupa wa paja na vipande vipande. Nguo hakuna. Hadi adhuhuri nusu ya mji wetu wa Mocímboa ilikuwa pale. Kila aliyepotelewa na mtu siku za mashambulizi ya waasi alisimama akitazama, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema.

Wa kwanza kusema akawa mama yangu. Alisema, "Huyu ni Fauzi." Fauzi ni mdogo wangu. Mwaka 2020, tulipokuwa tunakimbilia msituni, alirudi nyumbani kuchukua dawa ya pumu ya Mama, na hatukumwona tena. Kisima hicho kiko njiani kwetu kabisa. Wa pili kusema ni Zuleica, binti wa Mzee Abdulai mwashi. Baba yake naye alibaki nyuma siku ile ile, na nyumba yao inapakana na kisima. Watu wawili, taya moja. Masheikh wamekubaliana na wakubwa wa wilaya kwamba mifupa ikae hospitali mpaka ijulikane nani azike.

Mimi sikujua nisimame upande gani. Nilitaka awe yeye, nikataka asiwe yeye, yote mawili kwa pumzi moja.

Alhamisi, 16 Januari
Tumeletewa daktari wa meno kutoka kusini, anaitwa Narciso. Mrefu, mpole, Kiswahili chake ni "habari" na "asante", basi. Kipimo cha mifupa kimepelekwa mji mkuu na hakuna anayejua kitajibiwa lini, kwa hiyo amesema tujaribu kuliuliza jino lenyewe.

Amenieleza hivi. Chini ya lile gamba jeupe gumu kuna dentini, ndio mwili hasa wa jino, nayo imejaa vijia vyembamba visivyoonekana kwa macho. Kwa kijana vijia viko wazi. Mtu akizeeka vinaziba, kuanzia ncha ya mzizi kwenda juu, na palipoziba mzizi unapitisha mwanga kama kioo cha taa. Ukilitia rangi, rangi inaingia penye vijia vilivyo wazi, na palipoziba inakataa kuingia. Unapima palipokataa, unajua mtu alikula chumvi kiasi gani.

Nimemwambia mapema kwamba mmoja wa wanaotafutwa ni ndugu yangu. Akafikiri, akaniuliza kama yuko mwingine hapa anayejua kazi ya rangi. Hayuko. Rangi zenyewe ni zangu, fuksini na bluu ya methilini, ninazotafutia kifua kikuu kwenye makohozi ya watu. Basi akasema tutatazama wote wawili, kila mmoja aandike kivyake bila kumwambia mwenzake, ndipo tulinganishe.

Jumatatu, 20 Januari
Saquina, mke wa Fauzi, anakaa nasi bado. Hana mtoto, kwao Palma wamebaki wachache, na Mama hataki aondoke. Lakini Latifo seremala alimtuma shangazi yake kabla ya mvua aje kuulizia, kwa kuzungukazunguka, kama yule mwanamke ana mume au hana. Mama alimpa chai shangazi wa watu, na jibu hakumpa.

Sasa kila nikirudi Saquina ananiuliza, "Mmefika wapi, wifi?" Anauliza akiwa amesimama, hata viatu sijavua. Mifupa ikiwa ya Fauzi yeye ni mjane, yuko huru. Isipokuwa yake, ataendelea kungoja. Siwezi kumlaumu, na namlaumu.

Jumatatu, 27 Januari
Narciso anasema hatuwezi kukata jino la marehemu kabla ya kujua meno ya watu wa hapa yanazeeka vipi. Huku tunatafuna muhogo na mchanga, wengine tambuu, meno yanalika kwa namna yake. Edmilson, anayeng'oa meno chumba cha pili, anayaweka kwenye chupa, moja moja, na jina la mwenyewe na mwaka wa kuzaliwa kama ulivyo kwenye bilhete ya utambulisho. Tumechagua yenye mzizi mmoja. Kazi yangu ni kuyasaga kwenye jiwe la kunolea, kisha kwenye msasa, mpaka kila moja libaki jani jembamba. Vidole vyangu havina ngozi.

Jumanne, 28 Januari
Kusaga.

Jumatatu, 3 Februari
Tumetia rangi meno ya kwanza na mambo yako miguu juu kichwa chini. Mwanamke wa miaka thelathini, rangi imekataa karibu nusu ya mzizi, kama bibi kizee. Mwanamume wa sitini na tano, rangi imeingia mpaka ncha kama kwa kijana. Narciso akaniuliza kama sikuchanganya vibandiko. Nikamwambia kwa adabu zote kwamba nimesoma makohozi ya wilaya hii miaka kumi na sijamchanganya mgonjwa hata mmoja. Akaomba radhi. Nikarudi kuviangalia vibandiko mara mbili, maana sikuwa na uhakika.

Jumanne, 4 Februari
Mvua. Tumetumia bluu badala ya fuksini. Yale yale. Sielewi.

Jumatano, 5 Februari
Mvua. Tumeloweka zaidi. Yale yale. Sielewi.

Alhamisi, 6 Februari
Mvua. Tumebadilisha maji, labda ya bomba yana chumvi. Sielewi, na Narciso haelewi, ila yeye haelewi kwa Kireno kizuri.

Jumatatu, 10 Februari
Zuleica huja kila asubuhi kukaa kwenye ngazi ya maabara. Haulizi kitu. Ananiudhi kwa kutouliza. Leo Narciso alimtaka alete karatasi ya baba yake, akaleta bilhete iliyopona moto kwa sababu ilikuwa rehani kwa mkopeshaji. Kwa bilhete hiyo Mzee Abdulai alipopotea alikuwa na miaka arobaini na minne. Fauzi alikuwa na thelathini na moja.

Narciso akaweka kalamu chini. Alisema kati ya thelathini na moja na arobaini na minne, jino haliwezi kukata shauri, hasa meno yetu haya yasiyofuata kanuni. Nadhani anataka kuacha. Mwanzoni nilimwona mtu wa kujidai, sasa namwona anaogopa kumpa mtu maiti isiyo yake. Mimi pia naogopa.

Ijumaa, 14 Februari
Nimemkaripia Saquina. Aliniuliza mmefika wapi, nikamwambia kama ana haraka ya kuolewa aende tu, asitusimamie. Aliendelea kuchagua mchele, jiwe huku, mchele huku, mpaka nikaona aibu mwenyewe. Kisha akaniuliza taratibu tumekwama wapi.

Nilimweleza ili anyamaze. Nikamtajia mwanamke wa thelathini na mwanamume wa sitini na tano, na majina yao. Saquina akacheka. Tangu mvua zianze sijamsikia akicheka.

"Wifi, umewauliza watu umri umevaa koti jeupe, wakakupa bilhete. Ulitaka wakupe nini?"

Akanihesabia. Yule wa thelathini ana wajukuu wawili, alijipunguza apate kazi ya kufua kwenye kambi za gesi, maana wazee hawachukuliwi. Yule wa sitini na tano hajafika hata arobaini, alijiongeza aandikwe kwenye posho ya wazee. Karatasi za watu ziliungua, wote wakaandikishwa upya, na kila mmoja alizaliwa pale palipomfaa. Mzee Abdulai ndiye wa kwanza kujipunguza, tangu zamani, alipotafuta kazi ya ujenzi wa bandari. Na mimi je? Bilhete yangu ina miaka mitatu pungufu, baba alinipunguza nikubaliwe shule. Nakula nayo, napokea mshahara nayo, na bado nilikaa wiki mbili nikilaumu maji ya bomba. Kusoma kwingi nako kuna ujinga wake.

Nikamuuliza basi tutajuaje umri wa kweli. Saquina akasema, "Umri wa nini? Uliza mtu aliingia jando na nani."

Jumatatu, 17 Februari
Nimemweleza Narciso. Ilichukua muda, maana kwao hawana jando. Nilimwambia: wavulana wa mwaka mmoja wanaingia kumbi la tohara pamoja, wanapona pamoja, wanatoka pamoja, na wale ni rika moja mpaka kufa. Hakuna anayejipunguza rika, atachekwa. Akazunguka chumba, kisha akasema kwa hiyo hatuhitaji miaka hata kidogo. Tunahitaji meno ya walioingia na Fauzi na meno ya walioingia na Mzee Abdulai, tuone jino la kisimani linafanana na lipi. Nikamwambia ndiyo maana yangu. Haikuwa yangu, ya Saquina.

Jumapili, 23 Februari
Tunazunguka, mimi na Saquina, bila koti. Tunawauliza akina mama, si wanaume. Aliyembebea mwanawe chakula kumbini hasahau nani alikula naye. Saquina anajua kuuliza: anaanza na kifo, anapita kwenye harusi, anafika kwenye jando bila mtu kugutuka. Mimi nikifungua mdomo tu wanauliza serikali inataka nini.

Njiani aliniambia Fauzi alikuwa akilala anasaga meno, ilimkera sana, na sasa usingizi haumjii kwa ukimya. Nilimshika mkono kuvuka dimbwi, nikasahau kuuachia.

Jumapili, 2 Machi
Mfungo. Mvua imenyesha tangu daku.

Jumamosi, 8 Machi
Tumepata. Kwenye chupa za Edmilson na kwa watu walioweka meno yao wenyewe, yako manne ya rika la Mzee Abdulai, wale wa jando lililofanywa kwa siri wakati wa vita vya uhuru, na matatu ya rika la Fauzi. Nimeyasaga nikiwa na saumu, koo limekauka, rangi nyekundu kila mahali. Safari hii yamekaa kwenye mstari. Rika la Fauzi, rangi imepanda mzizi wote isipokuwa nchani kidogo. Rika la Abdulai, imekataa zaidi ya nusu. Narciso aliandika kivyake, mimi kivyangu, tukalinganisha, tukawa kitu kimoja.

Jumatatu, 10 Machi
Sheikh ametoa ruhusa tukate jino moja la marehemu, kwa sharti kila kipande na vumbi lake virudi vizikwe naye. Mama amekubali, Zuleica amekubali. Narciso anataka kwanza tuzike baadhi ya meno ya chupani kwenye matope ya kisima tuone kama udongo unaharibu rangi. Tungoje tena.

Jumatatu, 17 Machi
Mama aliniita chumbani baada ya kufuturu. Alifunga mlango, na Mama hafungi mlango.

"Sema ni yeye, mwanangu."

Nikamwambia sijui bado ni nani. Akasema hajaniuliza ni nani. Anataka pa kwenda Ijumaa kusoma Fatiha, mahali penye ardhi. Mzee Abdulai, akasema, ana watoto sita, wote wanaweza kumwombea popote. Fauzi alirudi kwa ajili ya dawa ya Mama, na Mama alipata nyingine njiani siku ya pili, bure, kwa mtu asiyemjua.

Nimetoka nimesimama uani. Kwa muda mrefu nilikuwa naogopa kwamba Saquina ndiye atakayeniomba uongo. Nilikuwa namwangalia mtu siye. Na la kweli zaidi ni kwamba nilifikiria kukubali. Narciso ataondoka, mimi nitabaki na Mama.

Ijumaa, 21 Machi
Udongo umelitia doa gamba tu, ndani kwenye dentini haukugusa kitu. Tumekata jino la kisimani. Nimesaga mwenyewe juu ya kitambaa cheupe ili vumbi lisipotee. Sasa limo kwenye rangi mpaka Jumatatu.

Jumapili, 23 Machi
Mvua. Hatuzungumzi nyumbani.

Jumatatu, 24 Machi
Nimeliosha, nimeliweka chini ya hadubini, nimetazama.

Rangi imekataa. Imeingia juu kidogo karibu na shingo ya jino, kisha imesimama, na kutoka hapo mpaka nchani mzizi ni mweupe unaopitisha mwanga. Niliweka pembeni jino la rika la Fauzi, kisha la rika la Abdulai. Nikatazama, nikainuka, nikatazama tena. Hata mtoto angeona. Huyu aliingia jando kabla hatujapata bendera.

Narciso alikuwa nje, zamu yake bado. Nilikuwa peke yangu na karatasi. Nilifikiri: nikiandika vingine tutakuwa hatukukubaliana, Narciso atasema jino halikukata shauri, na shauri litarudi kwa wazee, na wazee watamhurumia Mama mwenye mtoto mmoja wa kiume. Ingewezekana. Kisha nikamsikia Zuleica kwenye ngazi anakohoa. Amekuja kila siku, mvua na jua, na hajaniuliza kitu, kwa sababu alijua mimi ni dada wa nani na hakutaka niseme amenishinikiza. Nilikuwa nimemchukia bure.

Nikaandika. Narciso akaandika yake. Tulilinganisha. Nilitoka mimi kumwambia Zuleica, akaniinamia magotini akalia, nami nikalia, na waliopita walidhani wote wawili tumefiwa na mtu mmoja.

Jumanne, 25 Machi
Mzee Abdulai amezikwa adhuhuri, jino na vumbi lake ndani ya sanda. Mama alikwenda kwa Zuleica kukaa na wafiwa. Nilidhani hatakwenda.

Usiku uliotangulia nilipomwambia, alikuwa anakunja kanga. Alizikunja zote mpaka ya mwisho. Akaniuliza, "Basi yuko wapi?"

Miaka yote tumeuliza kama huyu ni yeye, yule ni yeye. Hilo la Mama hakuna rangi ya kulijibu. Nimesoma, nimefanya kazi barabara, nimesema kweli, na nimemwacha mama yangu hana chochote. Sijui kama nimefanya vizuri. Narciso anasema nimefanya vizuri, lakini hana mama hapa.

Jumanne, 1 Aprili
Idi imepita. Mvua imepungua. Nilikwenda kumwomba radhi Saquina kwa maneno yangu ya Februari, na kwa kuwa habari haikuwa ya kumfungua. Nikamwambia pole, utangoja tena. Alikuwa anasonga nywele mbele ya kioo.

"Sikuwa nangoja mifupa, wifi. Sheikh aliniambia mwaka jana kwamba mume akipotea, miaka minne inatosha. Nilishakaa eda. Humu humu ndani."

Nilikaa kitandani. Nikakumbuka mwaka jana, miezi ile aliyoacha kupaka msiro, ile rojo nyeupe ya mti, usoni, hakwenda harusi yoyote, hakuvaa hata bangili. Nilisema amenuna. Mama aliposema ana mimba ya mawazo nikacheka. Tulikuwa tunakula naye sahani moja. Nikamuuliza kwa nini basi hakusema wala kuondoka. Akasema asingeweza yeye kuwa mtu wa kumwambia Mama kwamba Fauzi amekufa. Alitaka mifupa iseme badala yake, ndiyo maana alikuwa akiuliza tumefika wapi.

Jumapili, 6 Aprili
Nilizungukazunguka siku tano kabla ya kumwambia Mama. Leo nikaanza na habari za mihogo, nikaja kwenye za jirani. Mama akanikatiza akasema kama ni eda ya Saquina, anaijua.

"Mwanamke akae miezi minne bila msiro ndani ya nyumba yangu, nisione? Nilikuwa namngoja aseme."

Nikamwambia Saquina naye alikuwa anamngoja yeye. Mama akasema kumbe walikuwa wawili nyumba moja, kila mmoja ameshika mlango asimwumize mwenzake, na hakuna aliyepita. Alasiri alijifunga kanga mpya akaenda mwenyewe kwa shangazi wa Latifo, kumpa lile jibu ambalo hakumpa siku ya chai.

Jumatatu, 14 Aprili
Narciso ameondoka na ndege ndogo. Ameniachia msasa mzuri. Kipimo cha mji mkuu hakijajibiwa.

Jumamosi, 26 Aprili
Jua kali, ardhi imeanza kupasuka. Nikahi ilikuwa asubuhi, watu wachache, wali na mbuzi. Mama ndiye aliyempaka Saquina msiro, taratibu, kama anavyompaka binti yake wa kumzaa, na hakumruhusu mwanamke mwingine kumgusa uso. Latifo anampeleka Nhica do Rovuma, amepata kazi ya milango na madirisha kule.

Gari lilipokuwa linangoja, Saquina alinivuta nyuma ya jiko. Nilidhani amesahau kitu. Alinishika mabega yote mawili, na msiro wake ulikuwa umeshaharibika kwa machozi.

"Akirudi, mwambie nilichoka. Usimwambie nilisahau."

Nikaitika.